Maswali ya Wasomaji: Kota za familia za askari wa Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria

Baada ya makala yetu kuhusu nyumba za wafanyakazi wa London katika karne ya 19, wasomaji kadhaa wameandika kuuliza juu ya watu ambao hatukuwataja, yaani wake na watoto wa askari. Tumechagua barua sita, na tumezifupisha kidogo.

Mhariri, mimi na mume wangu na watoto tunaishi kusini mwa Uingereza, mahali palipokuwa kambi ya jeshi na sasa pamegeuzwa kuwa makazi ya raia. Jengo letu ni refu na jembamba, la matofali mekundu. Ngazi ziko nje, na milango yote ya juu inafunguka kwenye baraza ndefu yenye nguzo za chuma. Jirani mmoja mzee anasema zilikuwa kota za askari wenye wake. Kwa nini, katika nchi yenye baridi kama hii, watu walazimishwe kupita nje ili wafike vyumbani mwao? (Mama wa watoto watatu, Hampshire)

Dada, sura ya jengo ulilolieleza inalingana kabisa na kota za familia ambazo jeshi la Uingereza lilianza kuzijenga katika miaka ya 1850 na 1860. Ulichouliza kuhusu baridi ndicho kiini cha jambo lenyewe, kwa sababu waliochora majengo hayo waliiogopa hewa chafu kuliko walivyoiogopa baridi. Madaktari na wahandisi wengi wa wakati huo waliamini kwamba kipindupindu na homa zilitokana na mvuke mbaya uliotoka kwenye taka, vyoo na pumzi za watu waliosongamana. Ni kweli kwamba mwaka 1854 daktari John Snow alichunguza vifo vilivyotokea karibu na pampu ya Broad Street mjini London na kuonyesha kwamba kipindupindu husambazwa na maji, lakini imani ya zamani haikuachwa upesi. Kwa mtu mwenye imani hiyo, ngazi ya ndani yenye giza, inayotumiwa na familia kumi, ilikuwa kama bomba linalobeba ugonjwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Baraza ya wazi ilizitenganisha familia hizo: kila moja ilifungua mlango wake ikakutana na hewa ya nje, na upepo uliweza kuingia upande mmoja wa chumba na kutokea upande wa pili.

Jeshi halikubuni umbo hilo. Msanifu Henry Roberts alikuwa amekwisha kulitumia mwaka 1849 na 1850 katika jengo la Streatham Street mjini London, lililokusudiwa kupangishwa kwa familia 48 za wafanyakazi. Roberts alikuwa na sababu nyingine iliyohusu fedha. Wakati huo serikali ilitoza kodi ya madirisha, na nyumba yenye madirisha machache ilisamehewa. Yeye alidai kwamba baraza za nje zilikuwa sawa na njia za mtaa, kwa hiyo kila makazi yaliyofunguka kwenye baraza yahesabiwe kuwa nyumba ndogo inayojitegemea, na si sehemu ya jengo moja kubwa lenye madirisha mengi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1851.

Katika mwaka huohuo wa 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia, aligharimia nyumba ya mfano iliyochorwa na Roberts. Ilikuwa ya familia nne, mbili chini na mbili juu, yenye ngazi ya wazi katikati na kuta za matofali yenye uwazi ndani. Kila familia ilikuwa na sebule, vyumba vya kulala vilivyowatenganisha wazazi na watoto, pamoja na choo chake yenyewe. Ilisimamishwa kwenye eneo la kambi ya wapanda farasi pembeni mwa Hyde Park, na baadaye ikahamishiwa Kennington Park, ambako ipo hadi leo. Hivyo wakuu wa jeshi waliiona ikiwa imesimama kwenye kiwanja chao wenyewe.

Kilichofuata kinasikitisha. Kutoka kwenye nyumba zile za mfano jeshi lilichukua baraza na ngazi ya wazi, ila vyumba halikuvichukua. Kota nyingi za mwanzo ziliipa kila familia chumba kimoja tu cha kupikia, kulia na kulalia, wakati vyoo na chumba cha kufulia vilitumiwa kwa pamoja huko uani. Ukiona katika jengo lenu milango iliyokaribiana mno kwenye baraza, au alama za milango iliyozibwa kwa matofali ili vyumba viwili au vitatu vya zamani viunganishwe, utakuwa umeuona mpaka wa makazi ya familia moja ya wakati huo.

Kabla ya kota hizo kujengwa, wake na watoto wa askari walilala wapi? (Msomaji, Tanga)

Walilala ndani ya bweni lilelile la askari. Askari aliyeruhusiwa kuoa alipewa kona ya chumba chenye wanaume kumi, ishirini au zaidi, akatundika blanketi au pazia la turubai kwenye kamba, na nyuma ya pazia hilo ndiko mkewe alikovaa na kuvua nguo, alikojifungua, alikonyonyesha na alikouguza watoto. Usiku pipa la mkojo liliwekwa katika chumba hichohicho kwa matumizi ya wote. Wapo waliolitetea pazia hilo kwa hoja kwamba mwanamke mwenye heshima aliwatuliza wanaume kwa kuwapo kwake na kuyafanya maneno yao yawe ya adabu, lakini sijaona katika hoja hiyo mahali popote ambapo mwanamke mwenyewe aliulizwa.

Malalamiko yaliongezeka katika miaka ya 1840 na 1850, hasa kutoka kwa makasisi, madaktari wa jeshi na baadhi ya maofisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, kabla serikali haijachukua hatua ya maana, maofisa wa vikosi vya Guards (walinzi wa kifalme) vya London walichanga fedha zao wenyewe na kuwajengea askari wao wenye familia nyumba ya kupanga, na baadaye nyumba hiyo ikachukuliwa na serikali. Kisha vikaja Vita vya Crimea dhidi ya Urusi, ambavyo Uingereza ilipigana mwaka 1854 hadi 1856 na ambavyo magazeti yaliviripoti kwa undani ambao wananchi hawakuwa wameuzoea. Walisoma juu ya askari waliokufa wengi zaidi kwa magonjwa kuliko kwa risasi, na juu ya wanawake waliowafuata waume zao hadi Uturuki wakaishi kwenye vyumba vya chini vyenye unyevu karibu na hospitali ya Scutari. Mwaka 1855 kamati ya serikali iliyochunguza makazi ya askari ilipendekeza familia zitengewe vyumba vyao. Hounslow, magharibi mwa London, ni miongoni mwa kambi zilizopata jengo la namna hiyo mapema, karibu na mwaka 1860. Kwingineko pazia liliendelea kutundikwa kwa miaka kadhaa zaidi.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo. Nimesoma kwamba kambi za enzi ya Victoria zilijengwa kwa kufuata kipimo cha hewa kwa kila mtu. Kipimo hicho kilikuwa kipi, na hewa iliingizwaje chumbani bila kuwagandisha watu kwa baridi? (Mwanafunzi, Nairobi)

Kipimo hicho kilitokana na Tume ya Kifalme iliyoundwa mwaka 1857 kuchunguza afya ya jeshi, chini ya uenyekiti wa Sidney Herbert, huku muuguzi Florence Nightingale akiiandalia hoja na takwimu nyuma ya pazia la siasa. Ripoti ya mwaka 1858 ilionyesha kwamba hata nyakati za amani, ndani ya Uingereza kwenyewe, askari walikufa kwa kiwango cha 17.5 kwa kila 1,000 kwa mwaka, wakati wanaume raia wa umri huohuo walikufa kwa kiwango cha 9.2. Vijana hao walikuwa wamepimwa na daktari kabla ya kuandikishwa, kwa hiyo ilitarajiwa wawe na afya kuliko raia. Lawama kubwa iliyaangukia mabweni. Tume ilitaka kila askari apate futi 600 za ujazo wa hewa chumbani, yaani takriban mita 17 za ujazo, badala ya futi 450 za kanuni ya awali, ambayo nayo haikuzingatiwa katika kambi nyingi.

Kazi ya kurekebisha majengo ilikabidhiwa tume ndogo ambayo miongoni mwa wajumbe wake walikuwa daktari John Sutherland na Kapteni Douglas Galton wa Kikosi cha Wahandisi wa Kifalme. Galton alibuni meko ambayo bado yanastahili kuchunguzwa na mwanafunzi kama wewe. Meko ya kawaida huvuta hewa ya chumba na kuitoa kupitia dohani, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayopenya chini ya mlango na kuwapiga watu miguuni. Galton aliweka nafasi nyuma ya chuma cha meko na kuiunganisha na tundu lenye wavu kwenye ukuta wa nje. Hewa safi iliingia hapo, ikapata joto kwa kuuzunguka mfereji wa moshi, ikapanda ndani ya njia yake yenyewe sambamba na dohani, kisha ikatokea chumbani karibu na dari ikiwa na uvuguvugu. Moto uleule uliendelea kuitoa hewa iliyotumika. Hapakuhitajika feni wala mashine ya aina yoyote, na kilichowashwa kilikuwa mgao wa makaa ya mawe ambao askari alikuwa akiupata tayari. Mimi nauhesabu kuwa mmoja wa ubunifu bora wa ujenzi wa karne ile, kwa sababu ulitegemea moto ambao watu wangeuwasha hata hivyo.

Lakini fanya hesabu ifuatayo kwa ajili ya familia. Chukua chumba cha futi 14 kwa 12 chenye kimo cha futi 10. Ujazo wake ni futi 1,680, ambao kwa kipimo cha futi 600 hautoshi hata watu watatu. Baba, mama na watoto wanne wakiwa humo, kila mmoja anapata futi 280, nazo hazifiki nusu ya haki ya askari mmoja kapera katika bweni la jirani. Kipimo kilichopiganiwa kwa nguvu kilikuwa cha mtu mwenye bunduki. Mtoto hakuwa na fungu lake katika hesabu hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo sifa za matengenezo hayo zinapopungua.

Je, maofisa nao walipewa kota za familia? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kawaida hawakupewa. Ofisa kapera alikuwa na chumba au vyumba karibu na ukumbi wa maofisa, na aliyeoa mara nyingi alipanga nyumba mjini na kupewa posho ya pango. Wengi wa maofisa hao walitoka katika familia zenye mali, tena walitarajiwa wasiwe na haraka ya kuoa.

Mimi ni askari mstaafu. Nataka kujua ni nani hasa aliyekuwa na haki ya kota hizo, na asiye na haki aliishije. Je, utaratibu huo uliwafikia askari wa kwetu? (Mzee wa Morogoro)

Shikamoo, Mzee. Umegusa jambo ambalo bila kulijua mtu hawezi kuelewa kwa nini kota zilikuwa chache namna ile. Jeshi halikuuliza ni askari wangapi wana wake. Liliamua kwanza ni wake wangapi litawatambua, kisha likajenga kwa hesabu hiyo. Askari alipaswa kupata ruhusa ya mkuu wa kikosi kabla ya kuoa, na mkewe akaandikwa kwenye orodha ya kikosi. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika safari za ng'ambo, nafasi hizo zilikuwa kama sita kwa kampuni ya askari 100. Kuanzia miaka ya 1860 askari wa kawaida aliyetaka mkewe aandikwe alitakiwa awe ametumikia miaka saba na awe na alama ya mwenendo mwema. Masajenti walipata nafasi nyingi zaidi kuliko walio chini yao.

Mke aliyeandikwa alipata makazi na nafasi melini kikosi kilipohamishwa, na vituo vya ng'ambo vilimpa nusu ya posho ya chakula na watoto wake robo. Alikuwa pia na nafasi ya kupata kipato kwa kuwafulia askari nguo, kazi iliyolipwa takriban nusu peni kwa siku kwa kila askari. Ndiyo maana chumba cha kufulia na uwanja wa kuanikia nguo havikosekani katika ramani za kota hizo. Palikuwa ni mahali pa kazi. Watoto walisoma katika shule ya kikosi, na kuanzia mwaka 1840 jeshi liliajiri walimu wa kike wa kuwafundisha wasichana na watoto wadogo. Lakini haki hizo zote zilining'inia kwa mume na kwa mwenendo. Vyumba vilikaguliwa, familia iliyohesabiwa kuwa na tabia mbaya iliweza kufukuzwa, na mume alipofariki mjane hakuwa na haki ya kuendelea kukaa.

Asiyeandikwa hakuwa na chochote. Alipanga chumba kwenye vichochoro vya karibu na kambi kwa mshahara wa askari usiotosha hata mtu mmoja, na kikosi kilipoitwa kwenda India au Afrika Kusini alibaki gatini na watoto. Hata walioandikwa walipigiwa kura vita vilipotokea: vikaratasi vilitiwa ndani ya kofia, kila mwanamke akachukua chake, na kilichoandikwa humo kikaamua kama atasafiri na mumewe au atabaki. Michango ya hisani ndiyo iliyojaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 1854 ulianzishwa mfuko wa kifalme wa kuwasaidia wajane na yatima wa Vita vya Crimea, na mwaka 1885 Meja James Gildea alianzisha chama cha kusaidia familia za askari na mabaharia, ambacho hadi leo kinafanya kazi kwa jina la SSAFA.

Kuhusu askari wa kwetu, jeshi la King's African Rifles, la Waingereza katika Afrika Mashariki, liliundwa mwaka 1902, mwaka mmoja baada ya Malkia Victoria kufariki, kwa hiyo halikuanza na majengo ya aina tunayoieleza. Askari wake wenye familia waliishi kwenye safu za vibanda ndani ya kambi, na huko nako wake waliwekwa chini ya amri za kikosi.

Katika mji wa Reading nimeona kambi ya zamani yenye mnara wa matofali unaofanana na ngome. Je, familia ziliwahi kuishi ndani ya mnara huo? (Msomaji, Reading)

Hazikuishi humo. Hiyo ni Brock Barracks, na mnara huo ulikuwa ghala la silaha na vifaa. Ulijengwa kutokana na mageuzi ya waziri wa vita Edward Cardwell, aliyetaka kila kikosi cha askari wa miguu kifungamane na eneo lake maalumu ili kiandikishe vijana wa hapo. Sheria ya mwaka 1872 ilitenga pauni milioni 3.5 kwa kazi hiyo, na michoro mingi ya makao hayo mapya ilitoka katika ofisi iliyosimamiwa na Meja H. C. Seddon wa Wahandisi wa Kifalme. Utauona ndugu wa mnara huo Bodmin, Dorchester na kwingineko.

Kilicho muhimu kwa mada yetu ni kwamba makao hayo yalipangwa upya kuanzia uwanja mtupu, na kota za familia ziliwekwa kwenye ramani tangu mwanzo. Kwa kawaida zilisimama pembeni, mbali na mabweni ya makapera na uwanja wa gwaride, zikiwa na ua wao. Kuzitambua ni rahisi ukiangalia dohani. Bweni refu lina dohani chache zilizoachana sana, ilhali kota ina dohani nyingi zilizokaribiana, kwa kuwa kila familia ilihitaji moto wake wa kupikia. Tazama pia milango midogo iliyofuatana, baraza au ngazi ya nje, na nyuma yake kibanda kirefu cha chini kilichokuwa cha kufulia. Mapambo hutayakuta kwenye mnara na lango, pengine na kwenye ukumbi wa maofisa. Kota zilijengwa kwa matofali ya kawaida, na mara nyingine ukanda mmoja wa rangi tofauti ndiyo nakshi pekee.

Cardwell huyohuyo alileta mwaka 1870 sheria ya utumishi mfupi, ambayo ilimruhusu askari kutumikia miaka michache jeshini na miaka iliyobaki katika jeshi la akiba. Mojawapo ya matokeo yake ni kwamba askari wengi waliondoka kabla ya kutimiza miaka iliyohitajika ili waruhusiwe kuoa, na hivyo serikali ikapata jeshi lenye wake wachache bila kuongeza kota nyingi. Katika kambi kubwa ya Aldershot, iliyoanzishwa mwaka 1854 kwa vibanda vya mbao vilivyokusudiwa kuwa vya muda, baadhi ya familia ziliendelea kukaa ndani ya mbao hizo kwa zaidi ya miaka 25. Ilibidi Bunge lipitishe sheria ya mwaka 1890, iliyotenga pauni milioni 4.1 kwa ajili ya kambi, ndipo sehemu kubwa ya Aldershot ikamaliziwa kujengwa kwa matofali chini ya waziri Edward Stanhope. Katika ujenzi wa miaka hiyo ya mwisho ndipo familia ya askari wa kawaida ilipoanza kupata vyumba zaidi ya kimoja na mahali pa kuoshea vyombo pasipotumiwa na jirani.